Kikohozi cha mama hakisikii dawa

Shikamoo Bi Nesi,

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto wanne, hapa Morogoro. Nakuandikia saa saba usiku. Mama anakohoa chumba cha pili, na najua anajiziba mdomo na shuka ili tusimsikie.

Mama ana miaka 56. Ni mama ntilie, ingawa mwenyewe anapenda aitwe mama lishe. Amewapikia mafundi na makondakta zaidi ya miaka ishirini, kwenye kibanda cha mabati, majiko matatu ya mkaa, na kuni pale mkaa unapopanda bei. Hajawahi kuvuta sigara wala kuonja pombe. Kikohozi kilianza mwezi wa pili. Kwanza tulidhani ni vumbi, halafu tukasema ni mafua ya masika. Duka la dawa walimpa amoksilini na dawa ya maji, mara mbili. Zahanati wakampa antibayotiki nyingine ya siku tatu. Mwezi wa sita tukaenda hospitali, akapigwa picha ya kifua, tukaambiwa kuna kivuli kwenye pafu la kushoto, kwa juu. Makohozi yakapimwa kwenye ile mashine ya GeneXpert, majibu yakaja kwamba hakuna TB. Virusi vya Ukimwi pia hana. Lakini daktari akasema kwa jinsi picha inavyoonekana aanze tu dawa za TB, maana wakati mwingine kipimo hakioni. Akaanza mwezi wa saba. Sasa ni mwezi wa kumi na hajakosa dozi hata siku moja, mimi mwenyewe ndiye ninayemsimamia akimeza.

Bi Nesi, nafuu hakuna. Kwenye kadi yake ya kliniki ameandikwa kilo 68, mwezi uliofuata 66, halafu 63, na wiki iliyopita 61. Sauti imekwaruza tangu mwezi wa nane, wateja wanamtania wanamwita "Mzee". Bega la kushoto linamuuma usiku, anajipaka dawa ya kuchua. Akipanda kile kilima cha kwetu anasimama mara tatu, anajifanya anasalimiana na majirani. Na wiki mbili zilizopita nilimkuta anasukumia kipande cha kanga kwenye jiko. Nikakitoa kwa koleo. Kilikuwa na michirizi ya damu. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Nilipouliza kliniki nikaambiwa tumalize miezi sita kwanza. Kaka yangu anasema kibanda cha mama kimeonewa kijicho, ameshampata mtaalamu wa kumfukiza. Kina mama wa kanisani wanataka afunge siku saba. Mimi nilitafuta kwenye simu nikakutana na neno saratani ya mapafu, nikaizima simu. Lakini saratani ya mapafu si ya wavuta sigara? Hapa nyumbani anayevuta ni baba, tangu ujana wake, sebuleni humo humo. Kikohozi chake cha alfajiri ndicho jogoo wetu, na yeye ni mzima. Kwa nini iwe mama?

Na kama ndiyo hiyo, inajulikanaje kwa hakika? Shangazi anasema wakikuchoma sindano wachukue kinyama, saratani inakasirika na kusambaa, eti ndivyo alivyokufa shemeji yake. Mama naye ameshatamka, akiikataa ile hospitali ya saratani ya Dar: "Popote nipelekeni, ila Ocean Road hapana." Nimwambie ninachokiwaza au ninyamaze?

Naomba usitaje jina langu.

Binti wa Mama Lishe, Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole, na umfikishie mama pole yangu, ila hii ya leo usimsomee yote kwa mkupuo.

Nianze na ile kadi. Umeniandikia kilo kana kwamba ni jambo la pembeni, kumbe ndizo habari zenyewe. Nimekaa kliniki ya kifua kikuu miaka 31, na mizani ndiyo iliyokuwa shahidi wangu wa kwanza. Mgonjwa wa TB ambaye dawa zimemkubali, ndani ya miezi miwili homa imekata, jasho la usiku limekauka, anaanza kuulizia ugali, na kilo zinapanda. Mama yako amemeza dawa miezi mitatu chini ya macho yako na amepungua kilo saba. Kwa hiyo huyo aliyekwambia mngoje miezi sita iishe, mimi sikubaliani naye. Simlaumu kwa kumwanzishia dawa. Kwetu TB ni nyingi, kivuli kwenye pafu kwa juu ndipo TB inapopenda kukaa, na ni kweli kipimo cha makohozi huweza kuikosa. Kosa ni kuona dawa hazifanyi kazi kisha mkatulia.

Mambo yanayoweza kuleta hali hiyo ni machache. Inaweza kuwa ni TB kweli, lakini sugu. Inaweza isiwe TB kabisa: kuvu waliojenga ndani ya pafu, jipu, au saratani. Na yanaweza kuwa mawili kwa pamoja, maana TB haimfukuzi mwenzake. Kwa barua siwezi kujua ni lipi, na atakayekwambia anajua kwa kusoma barua, mkimbie. Ninachokijua ni hiki: mtu wa miaka 56 mwenye kikohozi cha miezi minane, kivuli pafuni, damu, sauti iliyokwaruza, bega linalouma na uzito unaoshuka, anapaswa kutafutwa saratani wiki hii, si Januari. Dawa za TB asiache kwa uamuzi wenu. Zinabadilishwa au kusimamishwa na kliniki baada ya vipimo.

Ngoja nikusimulie kitu ambacho sikipendi. Nikiwa bado nesi kijana, kwenye kliniki moja ya wilaya, alikuja dereva mstaafu wa lori. Makohozi yake tuliyapima kwa darubini mara nne na hatukuona kitu. Picha ikawa na kivuli. Akapewa dozi ya TB, akaimaliza, hakupona. Tukasema imerudi, tukamwanzishia dozi ya pili, ile ya zamani iliyokuwa na sindano za streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Sindano zile nilimchoma mimi. Mzee wa watu alikuwa ananiletea ndizi mbivu kwenye gazeti. Siku moja akapita daktari mgeni, akamsalimia kwa kumshika mkono, akaushikilia ule mkono kuliko kawaida ya salamu, akavigeuza vidole juu chini. Akamwambia, "Mzee, hebu kutanisha kucha zako hivi." Kisha akanitazama mimi akauliza huyu amekuwa hapa muda gani. Ilikuwa karibu mwaka na nusu. Kwa kila siku niliyomchoma sindano nilikuwa nimevishika vidole vile, na sikuwahi kuviona. Alipofika kwenye vipimo, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya hapo ulipo. Mwambie mama akunje vidole vya shahada vya mikono yote miwili, avikutanishe mgongo kwa mgongo, kucha iguse kucha. Kwa mtu wa kawaida, pale kwenye mashina ya kucha panabaki kitundu kidogo kama almasi, ukiinua kwenye mwanga unaona ng'ambo. Kikipotea, na ncha za vidole zikiwa zimevimba kama rungu la ngoma, hiyo ni dalili ya kupeleka kwa daktari. Haisemi saratani peke yake. Magonjwa mengine ya mapafu, ya moyo, hata ya ini huleta vidole hivyo, na wengine wamezaliwa navyo. Na kitundu kikiwepo, usishangilie. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu vidole vyao ni vya kawaida tu.

Sasa hizo dalili nyingine, kwa nini nazitilia mkazo zikiwa pamoja. Pafu kwa ndani halina mishipa ya maumivu, kwa hiyo uvimbe unaweza kukaa humo na kukua bila mtu kuhisi kitu zaidi ya kikohozi na uchovu. Maumivu huja ukifika kwenye utando unaolizunguka pafu, au kwenye mishipa ya fahamu inayopita juu yake kwenda begani na mkononi. Wengi huishia kuchuliwa bega miezi kadhaa. Sauti nayo ina njia yake ya ajabu. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti upande wa kushoto hauendi kooni moja kwa moja: unateremka kwanza kifuani, unazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo unapanda tena kooni. Kitu kikiubana hapo kifuani, mtu anakwaruza sauti, na watu wanamtibu koo kwa tangawizi. Kwa hiyo kivuli cha kushoto na sauti iliyopotea kwangu ni habari moja. Nikuambie ukweli pia: ikiwa ni saratani na ndiyo inayobana mshipa huo, mara nyingi haiko tena kwenye hatua ya kukatwa ikaisha. Lakini kuna tiba nyingine, na kila wiki ina thamani yake. Damu, hata mchirizi mmoja, haina sababu ya kuchomwa jikoni. Mwambie akiona tena akuonyeshe, na daktari aelezwe ilikuwa kiasi gani.

Wengine mnaosoma barua hii na hamjafika huko, nanyi hesabuni siku. Kikohozi kikivuka wiki mbili, makohozi yapimwe TB, na vituo vya serikali hawadai hela kwa hilo. Kikivuka wiki tatu, na dawa moja ya antibayotiki imepita bila nafuu, dai picha ya kifua badala ya chupa ya pili ya dawa ya maji. Nimonia inayorudi kila baada ya miezi miwili mahali pale pale pa pafu inataka kuulizwa kuna nini kinachoziba hapo. Na picha ya kifua ikisomwa "safi" huku dalili zinaendelea, haijamaliza kazi: uvimbe mdogo, au uliojificha nyuma ya moyo au ya mfupa wa bega, picha ya kawaida huukosa.

Umeniuliza kwa nini mama, asiyevuta. Sigara ndiyo mama wa ugonjwa huu, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani linasema inabeba karibu asilimia 85 ya saratani zote za mapafu. Lakini hiyo inayobaki ina watu ndani yake, na wengi ni wanawake. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitoa matokeo ya kuwafuatilia wake zaidi ya 90,000 ambao wenyewe hawakuvuta. Waliolala na waume wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao, na kadiri mume alivyovuta nyingi ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Kwa hiyo ile sebule yenu si ndogo.

Halafu kuna majiko. Huko Xuanwei, China, wanawake wasiogusa sigara walikuwa wanakufa kwa ugonjwa huu kwa wingi usio wa kawaida, kwa sababu walipikia ndani kwa mkaa wa mawe bila bomba la kutoa moshi. Majiko yalipowekewa mabomba, ugonjwa ukapungua. Lakini tusichanganye: mkaa wa mawe si mkaa wetu wa gunia. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeuhukumu moshi wa mkaa wa mawe kuwa unaleta saratani kwa wanadamu bila shaka, na moshi wa kuni na jamii yake umewekwa ngazi moja chini, ile ya "yamkini unaleta". Kwa hiyo sitakuambia kibanda ndicho kilichomfanya mama augue. Nakuambia tu kwamba "hajawahi kuvuta" si sababu ya daktari kuliondoa jina la ugonjwa huu kwenye orodha, wala yako ya kuzima simu.

Haya, safari yenyewe. Jumatatu nenda naye kliniki ile ile ya TB, usihame kimya kimya kwenda kwingine kuanza upya. Usiku huu andika karatasi moja, mbele tu: kikohozi kilianza lini, dawa alizopewa kwa mpangilio, lini sauti ilibadilika, lini damu, na vile vipimo vinne vya uzito kwa mstari. Chukua kadi, majibu ya GeneXpert, na lile bahasha kubwa la picha ya kifua. Kama aliwahi kupigwa picha ya kifua miaka ya nyuma, hata kwa ajali, itafute, kwa sababu kivuli ambacho hakijabadilika miaka mitano na kivuli kipya ni vitu viwili tofauti kabisa kwa daktari. Ukifika sema hivi, kwa sauti ya heshima lakini usikike: "Mama yuko mwezi wa nne wa dawa, hakuwahi kukutwa na vijidudu, amepungua kilo saba na anakohoa damu. Tunaomba makohozi yarudiwe, picha irudiwe, na barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa kifua." Wakikuambia subiri, omba waliandike hilo kwenye faili. Mara nyingi kalamu ikishikwa mawazo hubadilika.

Rufaa toka kwenu inaweza kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na tangu 2024 treni ya umeme inapita Morogoro kwenda pande zote mbili, kwa hiyo mgonjwa hatateseka na basi. Kitu cha kwanza huko kitakuwa CT, yaani picha ya mionzi inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, ya kifua pamoja na sehemu ya juu ya tumbo, wapate kuliona ini na tezi zilizo juu ya figo, kwani huko nako saratani hii hupenda kwenda. Kabla yake watapima damu kuangalia figo, kwa sababu ya ile dawa inayoingizwa kwenye mshipa ili picha ing'ae. Akiwa na kisukari au ana dawa anazotumia kila siku, aseme mapema. CT inaonyesha kitu kiko wapi na kimegusa nini. Haisemi kitu hicho ni nini. Anayesema ni mtu wa darubini, baada ya kupewa kinyama.

Hicho kinyama huchukuliwa pale panapofikika kwa urahisi. Kukiwa na tezi imevimba shingoni au juu ya mtulinga (mpapase mama hapo, taratibu), sindano ndogo ya hapo inaweza kumaliza kazi. Kukiwa na maji yamejaa pembeni ya pafu, yanavutwa na kupimwa, na mgonjwa anapumua vizuri siku hiyo hiyo. Uvimbe ukiwa karibu na njia kubwa za hewa, wanaingiza kamera nyembamba puani au mdomoni, kinaitwa bronkoskopi. Atakuwa hajala, atapuliziwa dawa ya ganzi kooni, atakohoa na kuona karaha, lakini si upasuaji. Ukiwa pembeni karibu na mbavu, sindano inapita kifuani ikiongozwa na picha ya CT. Hapo hatari inayojulikana ni pafu kuvuja hewa. Ndiyo maana humwangalia saa kadhaa baadaye, na akihisi pumzi inabana ghafla aseme mara moja.

Sasa shangazi. Mwambie kwa adabu, mimi Bi Nesi nimemsikia, na hilo la saratani kukasirika nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa unesi. Kinachotokea ni kwamba watu wengi hupelekwa kwenye kinyama wakati ugonjwa umeshaenda mbali, kisha wanakufa miezi miwili baadaye, na jamaa wanaikumbuka sindano kwa sababu ndiyo waliyoiona. Mbegu za saratani kufuata njia ya sindano imewahi kutokea, lakini ni nadra sana, na hakuna daktari wa saratani atakayeacha kuchukua kinyama kwa ajili hiyo. Bila kinyama hakuna tiba ya haki. Saratani ya mapafu haiko ya namna moja: kuna ile ya chembe ndogo, inayokimbia sana na kutibiwa zaidi kwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, na mionzi, na kuna jamii ile nyingine ambayo ikiwahiwa hukatwa. Tena kwa watu wasiovuta, hutokea saratani ikawa na badiliko fulani kwenye vinasaba linalotibika kwa vidonge. Hayo yote yamo ndani ya kipande kisichozidi punje ya mchele. Mkipewa kichupa mpeleke maabara wenyewe, hakikisheni jina lake limeandikwa kwenye chupa, si kwenye kifuniko tu, na kinyama kimezama ndani ya dawa. Halafu ulizeni majibu yanatoka tarehe gani na nani atapiga simu. Nimeona majibu yamekaa kabatini wiki tatu kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake ameyachukua.

Kuhusu fedha, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla bili haijaiva. Watu hwenda huko mgonjwa akiwa ameshazuiliwa wodini, huku wakiwa wameuza shamba. Kama mna bima, ulizeni mapema kama inalipia CT na maabara ya kinyama, kila kimoja kwa jina lake.

Ocean Road. Mwanangu, ugomvi huo si wa leo. Leo mnatafuta jibu, na jibu linaweza kupatikana bila kulivuka geti lile. Likija siku yake, mwambie mama kwamba lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari halijamuua mtu. Limekuwa taasisi ya saratani tangu 1996, na sifa ya "wakienda hawarudi" imetokana na sisi tunaopeleka wagonjwa wetu wakiwa wamebebwa. Wanaotembea wenyewe kwa miguu yao, wakachomwa mionzi na kupanda treni kurudi nyumbani, hao hakuna anayewahadithia.

Kaka yako usigombane naye. Ila kufukizwa hapana, mwanamke anayekosa pumzi usimfunike blanketi na moshi. Kufunga siku saba nako hapana, hana kilo za kutoa. Kina mama wa kanisani waombe wao na wafunge wao, na mmoja wao mwenye moyo akae na kibanda siku mnazosafiri. Naona hilo ndilo litakalomfanya mama akubali kutoka. Mara nyingi akina mama hawa hawaogopi hospitali kama wanavyoogopa wateja kuhamia kibanda cha jirani.

Na kumwambia? Usimpelekee neno saratani, kwa sababu hulijui. Mpelekee kile unachokijua: "Mama, dawa hizi hazikutibu, na mimi niliiona damu. Nataka tujue ni nini." Kisha unyamaze. Yeye si mtoto, na nahisi ameshaliwaza neno hilo kabla yako. Mtu hachomi kanga yake bure. Muulize akitaka majibu aelezwe yeye kwanza au mkae wote, na atakavyochagua mfuate, hata kaka akilalamika.

Kuna mambo ambayo Jumatatu ni mbali. Akikohoa damu ya kujaa kikombe, akivimba uso na shingo asubuhi, pumzi ikimkata akiwa amekaa, miguu ikilegea ghafla au akianza kuchanganya maneno, ni hospitali usiku huo huo, kwa bodaboda, kwa gari la jirani, kwa chochote.

Jambo la mwisho hukuniuliza. Umesema kikohozi cha baba ndicho jogoo wenu na kwamba ni mzima. Miaka yote hiyo ya sigara, na kikohozi mlichokizoea kiasi cha kukitania; hiyo ndiyo sauti ambayo hakuna anayeisikiliza tena. Kaa naye uulize kama ni kile kile cha mwaka jana, au siku hizi kinakuja na mchana, kimekuwa kizito, kinamwamsha, kinatoa kitu cha rangi nyingine. Siku mnampeleka mama, asibaki nyumbani kulinda mlango. Naye aingie chumba cha picha, na sigara aiache nje ya geti.

Niandikie makohozi yakirudi.

Bi Nesi